Sauti ya Pili Visiwani

Mwenye mtumbwi alinitazama, akatazama nyuma yangu, akanitazama tena.

"Mama, iko weye mumoja tu?"

"Kwani unaona wawili?" nikamjibu.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba Mungu aliponiumba alitia pilipili kwa kiganja, si kwa vidole. Lakini asubuhi ile nilikuwa na sababu yangu. Nilikuwa nimesimama ufukweni tangu kabla jua halijatoka upande wa Burundi, kikapu cha bugali kichwani, nimejifunga kitenge cha kwaya, kile cha buluu chenye njiwa weupe. Watu walipita, motari wa pikipiki walipita wakiniita "Mama, twende?", mbwa alipita. Niliyekuwa namngoja hakupita.

Niseme kwanza tulikuwa akina nani. Tulikuwa kwaya ya wamama wa kanisa letu dogo la chini, karibu na ziwa, hapa Uvira. Kila Jumatatu ya Pasaka, baada ya kuimba wiki nzima mpaka makoo yakauke, tulikodi mtumbwi wa mbao sisi wenyewe, bila waume, bila watoto, bila mchungaji, tukaenda kushinda kwenye visiwa vya mdomo wa Ruzizi. Ukisema visiwa, mgeni anafikiri milima na minazi. Aka! Ni mchanga ambao mto umeubwaga ziwani, na matete, na miti michache iliyosimama kwa ubishi tu. Vingine havina hata udongo: ni matete yaliyong'olewa huko juu kwenye tambarare, yakashikana, yakaelea mpaka yakanasa mahali. Mwaka huu kisiwa kiko hapa, mwaka kesho kimehamia kwa jirani. Lakini kwa wanawake waliolala na kuamka na masufuria, pale palikuwa Ulaya yetu.

Na tulikuwa na sheria. Sauti ya kwanza wanaleta mboga, sauti ya pili wanaleta bugali. Aliyeiweka sheria hiyo ni mwalimu wetu wa kwaya, mzee aliyekufa zamani, ili asiwepo mtu wa kujitenga akale peke yake nyuma ya matete. Utakula bugali mtupu? Utalamba sombe ya majani ya muhogo bila kitu? Basi sogea kwa mwenzako. Mzee huyo huyo ndiye aliyetutungia wimbo wa kufika. Mguu ukikanyaga mchanga wa kisiwa, kabla ya kufunua sufuria yoyote, uimbwe. Sauti ya kwanza inauliza: "Nani ametuvusha maji haya?" Inanyamaza. Sauti ya pili inajibu: "Ni mkono wako, Baba, ni mkono wako." Inauliza tena, inajibiwa tena, mpaka mwisho. Mtaa wote uliujua, maana tuliuimba kwenye arusi na kwenye vilio, na watoto waliurukia kamba.

Mimi ni sauti ya pili. Kwenye sauti ya kwanza alikuwepo mmoja aliyenizidi umri kidogo, nikamwita yaya, yaani dada mkubwa. Tulisimama bega kwa bega tangu mtoto wangu wa kwanza ananyonya. Sauti yake ilikuwa imenyooka, haina mapambo. Akianza yeye, hata aliyekuja kanisani kusinzia anakaa vizuri. Mimi katika maisha yangu sijaanzisha wimbo hata mmoja. Kazi yangu ni kuitika, na kuitika nako ni kazi. Muulize mtu yeyote aliyeimba akakosa wa kumwitikia.

Halafu ziwa likapanda. Lilianza na njia ya chini, likaja kwenye sakafu ya kanisa, likaingia nyumbani kwa yaya, kwenye kibaraza tulichokuwa tukichambulia maharage. Ufuko wetu wa kupandia mitumbwi, ule ulio chini ya kanisa, ukamezwa pamoja na mawe yake ya kufulia. Mitumbwi ikahamia upande wa pili wa mto Mulongwe. Yaya akachukua alichoweza kubeba, akaenda na mumewe Kiringye, kwenye tambarare, kwa ndugu zao wanaolima. Mimi nikapanda Songo, kwenye chumba nilichopata. Na baada ya maji yakaja mambo mengine ya nchi hii ambayo sina haja ya kuyaeleza. Mmoja akavuka Bujumbura, mwingine akaingia kambini, mwingine akachukuliwa na mtoto wake. Mwisho tukabaki wawili, yeye kule na mimi huku, na Jumatatu ya Pasaka ikawa siku ya kufua nguo.

Mwaka huu, wiki chache kabla ya Pasaka, simu yangu ikalia namba nisiyoijua. Ni yeye, kwenye simu ya kuazima, anapiga kelele kama kawaida ya watu wasioamini kwamba simu inasikia.

"Mwanangu amekuja kunitwaa! Pasaka ikiisha ananipeleka Lubumbashi. Sitarudi, mwenzangu, mifupa yangu imechoka. Lakini Jumatatu twende visiwani, weye na minye tu. Minye naleta sombe. Tukutane pale tulipozoea kupandia!"

"Sawa, yaya!" nami nikapiga kelele. "Bugali iko kwangu!"

Simu ikakatika. Nilipojaribu namba ile baadaye, haikupatikana tena. Sikuhangaika. Kulikuwa na nini cha kuuliza? Siku tunaijua, mahali tunapajua. Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: kuimba naye ule wimbo mara ya mwisho, miguu yetu ikiwa kwenye mchanga wa kisiwa, aulize, nimjibu, aende zake Lubumbashi na amani.

Ndiyo maana nilisimama pale, ng'ambo ya Mulongwe, kati ya mitumbwi na motari, mpaka shingo ikaniuma kwa kutazama barabara.

Mwenye mtumbwi alivumilia. Nisimseme vibaya, alivumilia. Alikunywa kahawa, akamwagia motere yake mafuta, akazungumza na wenzake, akarudi. "Mama, upepo ya mchana ikitukuta mbele ya mdomo wa mto, tutalilia mama zetu. Tuende ao tuache."

Ningesema tuache. Mwenye akili angesema tuache. Lakini moyo ulikuwa umekwisha kuchemka. Nilijiambia: ameshapata mtoto wa Lubumbashi, atakumbuka mtu wa Songo? Amepika sombe yake wakala na wajukuu. Mimi nimeamka usiku kusonga bugali kama bibi arusi, na yeye hata ujumbe hakuna. Hasira hasara, wanasema wahenga, na ya siku ile niliila yote, sikumegea mtu.

"Tuende," nikasema.

"Haiwezekani hivi hivi," akasema. "Bwato hii ni ya watu kumi. Weye mumoja tu, itaruka juu ya maji kama kibuyu. Wimbi moja la pembeni, tumekwisha."

Akatoa magunia matupu chini ya mbao, akachukua pauro, beleshi lake, akaanza kuyajaza mchanga. Nikadhani atayatupa sakafuni. Hapana. Aliyapanga kwenye mabao ya kukalia, moja kushoto, moja kulia, yakakaa wima na mashingo yao yaliyofungwa kwa kamba, mtumbwi ukajaa. La mwisho akaliweka kwenye bao langu, upande wa kushoto.

"Huyu mama mukumbatie, asianguke," akasema, akacheka.

Sikucheka. Upande wa kushoto ndipo alipokuwa akikaa yaya miaka yote ile, kwa sababu sikio langu la kulia halisikii vizuri. Mtumbwi ukasukumwa, motere ikakohoa, tukaondoka: mimi, yeye, na kwaya ya mchanga.

Ziwa lilikuwa limetulia. Milima nyuma yetu ilikuwa bado ina ukungu juu, na Bujumbura ng'ambo ile ilionekana nyumba kwa nyumba. Tukavuka mbele ya mdomo wa Mulongwe, maji yakabadilika rangi ya chai ya maziwa, halafu yakatakata tena. Tukapita mbali kidogo na ufuko wa chini ya kanisa. Ilikuwa muda mrefu sijautazama kutokea majini. Ziwa limerudi nyuma siku hizi, mchanga umeonekana tena, na wamama wanaanika ndagala, dagaa wetu, hapo. Pamoja nao alisimama mwanamke mmoja, maji yamemfika magotini, anarusharusha nguo juu ya kichwa chake.

"Mama, kule kuna mutu anapunga," akasema mwenye mtumbwi, akapunguza moto wa motere.

Nikakaza macho. Macho yangu ya mbali yamekufa; niliona nguo tu, ikipanda na kushuka.

"Anafukuza ndege kwenye ndagala zake," nikasema. "Unataka usimamie kila mtu anayefukuza ndege? Mimi nimekodi bwato, sijakodi macho yako. Tuende!"

Akatii. Kila wimbi lilipotupiga, gunia la kushoto liliniegemea, nami nikalisukuma kwa kiwiko, likaegemea tena. Mwisho nililiacha. Lilikuwa na baridi ya mchanga wa asubuhi, na uzito wake ulikuwa uzito wa mtu mzima.

Kisiwa tulichokizoea hakikuwepo. Kulikuwa na matete tu, na viboko wawili wamejaza mashavu, tukawazungukia mbali. Tukapata kingine, ulimi wa mchanga mweupe na mti mmoja wenye ndege wengi kuliko majani. Mwenye mtumbwi akaruka, akavuta kamba, akaninyooshea mkono.

"Karibu visiwani, Mama."

Mchanga ulikuwa safi, haujakanyagwa. Miaka ile tulikuwa tukishuka kwa kusukumana, mwenye mwili mkubwa akianguka tunamcheka mpaka jioni. Sasa nilisikia hatua zangu mwenyewe. Nikaweka kikapu chini. Sheria ni sheria: huwezi kufunua chakula kabla ya wimbo. Nikajinyoosha, nikafunga mikono mbele kama mwalimu alivyotufundisha, nikafungua mdomo.

Haukutoka. Nilijua maneno ya swali, mbona! Nimeyasikia maisha yangu yote yakipita karibu na sikio langu la kushoto. Lakini koo halikujua pa kuyaanzia. Nikajaribu chini, nikajaribu juu, nikasikika kama mtu anayeita mbuzi. Basi nikaimba ninachokijua. "Ni mkono wako, Baba, ni mkono wako." Nikanyamaza, nikahesabu kimoyomoyo urefu wa swali. "Ni mkono wako, Baba, ni mkono wako." Nikanyamaza tena. Nikauimba hivyo mpaka mwisho, majibu matupu, na katikati ndege na maji.

Mwenye mtumbwi alikuwa amevua kofia kwa heshima. Nilipomaliza akajikuna kichwa.

"Mama, samahani. Unamujibu nani?"

"Ni ule wimbo!" nikamrukia. "Nani ametuvusha. Utasema huujui? Umezaliwa Uvira ao umezaliwa mwezini?"

"Aaah!" akasema. "Ule? Minye naujua ule! Tulikuwa tunauimba watoto. Lakini hivyo sikuutambua."

Nilikaa chini nikalia. Sikulia kwa adabu. Nililia kwa kamasi, kitenge cha kwaya usoni. Nililia kwa sababu mtu aliyeujua wimbo wangu tangu utotoni aliusikia wote, mwanzo mpaka mwisho, na hakuutambua. Hivyo ndivyo nilivyobaki. Mwanangu akinipigia simu huwa ananiuliza, "Mama, haujambo peke yako huko?" nami hujibu sijambo, nina kanisa, nina majirani, nina soko. Siku ile kwenye mchanga ule nilijua kwamba ni uongo. Nilikuwa nusu ya kitu, na nusu nyingine ilikuwa inafunga mizigo.

Yule mwanaume alifanya vizuri: alikwenda kukaa upande wa pili wa mtumbwi, akanipa mgongo. Nilipopata pumzi nikamwita tukale. Bugali tulikuwa nao wa kulisha arusi. Mboga hakuna. Akatafuta mfukoni, akatoa chumvi kwenye kipande cha plastiki, tukachovya humo. Alinisimulia habari za mkewe anayemgombeza, nami nikamwambia mkewe ana haki. Hatukukaa sana. Matete yalianza kuinama, na kisiwa kidogo cha majani kilipita mbele yetu taratibu, na korongo mmoja amesimama juu yake bila wasiwasi wowote.

Kurudi tulipigwa. Maji yaliruka ndani, nikachota na kopo, magunia yakalowa yakawa mazito zaidi, na namshukuru Mungu kwa ajili yao, maana bila wao tungekuwa chakula cha samaki. Karibu na mji mwenye mtumbwi akasema, "Mama, tusivuke tena mbele ya Mulongwe na upepo hii. Nitakushusha kwa wanaoanika ndagala. Hata mchanga nitaumwaga pale. Na weye iko karibu na njia ya Songo."

Ndivyo nilivyokanyaga tena ufuko wa chini ya kanisa. Mawe ya kufulia yalikuwa yamerudi pale pale, yameota majani. Wamama walikuwa wanaanua ndagala, maana jioni ilikuwa inaingia. Mmoja, mwembamba, mwenye kitambaa chekundu kichwani, aliniona nikitoka majini akaachia ungo wake.

"Yooo! Kitenge ni kile kile!"

"Kile kile gani?"

"Weye ndiye ule wa bwato! Mama, ulikuwa wapi? Mwenzako amekungoja hapa tangu asubuhi, alikuja na moto ya motari kutoka Kiringye. Tulimuambia mitumbwi siku hizi inapandiwa ng'ambo, akasema hapana, tumepatana hapa, hapa ndipo tulipozoea. Halafu bwato ikapita. Akasema: ni yeye! Akavua kitenge, ndugu ya hiki chako, akaingia mu maji na jupo ya ndani tu, akapunga, akapunga mpaka mikono ikakufa."

Nilisimama pale. Nikatua kikapu mchangani. Tulipozoea kupandia. Yeye aliondoka maji yanapanda. Kwake ufuko ulikuwa huu mmoja tu duniani. Mimi nimezoea ng'ambo kwa kununua samaki. Hakuna aliyekosea, na tumekosana.

"Yuko wapi?"

"Amerudi, Mama. Ule wa moto alimukatalia kungoja. Unajua njia ya tambarare jioni. Na kesho anasafiri, alituambia. Alikaa hapa mpaka jua likasimama kichwani." Akasitasita, akatazama wenzake. "Sombe alituachia tukupe. Bon... tulifikiri hauji. Tumeikula. Usikasirike."

"Ilikuwa nzuri?" nikauliza.

"Ee, Mama. Na mawese ya kutosha."

"Basi," nikasema. Nikawapa bugali uliobaki, wakaupokea kwa mikono miwili. Yule wa kitambaa chekundu hakula. Alikuwa bado na neno.

"Aliimba," akasema. "Mulipokuwa mumefika mbali, alisimama hapo mu maji akaimba. Ule wimbo, Nani ametuvusha. Tuliujua mara moja, tukataka kumusaidia. Lakini aliuliza ile ya kwanza tu, akanyamaza. Akauliza tena, akanyamaza. Tukamuambia, Mama, mbona haumalizi, tukumalizie? Akatuzuia na mkono. Akasema, hapo si pangu, hapo ni pa mwenzangu. Mumuache aingie."

Nikavua viatu. Nikaingia majini pale aliponionyesha, mpaka magotini, maji yalikuwa vuguvugu na yalikuwa na magamba ya samaki.

"Uliza kama alivyouliza," nikamwambia.

Akapangusa mikono kwenye nguo yake. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu wa moshi, na alianza juu mno. "Nani ametuvusha maji haya?" Akanyamaza.

Nikajibu. Nilijibu nikitazama upande wa tambarare, kule moto ilikokwenda na yaya wangu, na sauti ilinikatika katikati nikaiunga. Akauliza tena, nikajibu tena, mpaka mwisho, na hakuna aliyetuingilia.

Nilipotoka majini mwenye mtumbwi alikuwa anamwaga magunia yake, moja baada ya jingine, mchanga ukirudi ufukweni. Lilikuwa limebaki lile la bao langu. Alikuwa amelishika shingo, akanitazama.

"Mwaga," nikamwambia, nikachukua kikapu changu, nikashika njia ya Songo.